Ukitaka vipepeo nyumbani kwako Dar, panda kwanza mboga za watoto wao

Kabla hujashika jembe, kabla hujaenda kwa wauza miche pale barabarani, nenda kasimame kwenye mndimu wako au wa jirani, asubuhi kama saa tatu hivi jua likishachangamka, alafu angalia majani machanga ya juu kabisa, yale laini yanayong'aa. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege kimeganda juu ya jani, kina weusi weusi na baka jeupe katikati, usikifute. Kiguse taratibu na kijiti. Kitainua kichwa na kutoa pembe mbili za rangi ya chungwa, laini, zimegawanyika kama ulimi wa nyoka, na utasikia harufu kali mpaka urudi nyuma, alafu baada ya muda kidogo pembe zinarudi ndani kama hazijawahi kuwepo. Huyo ndo mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayekatiza Dar nzima, kitaalamu anaitwa Papilio demodocus, na mi nimewaua wengi sana kabla sijajua ni nani.

Nakaa Majohe, huku upande wa Pugu. Tulivyohamia kiwanja kilikuwa kitupu, mchanga na vichuguu, nikapanda ndimu mbili mbele, nikanunua maua yale mazuri mazuri ya kwenye viriba nikayapanga kwenye kibaraza, nikasema sasa hapa patapendeza, vipepeo watakuja, watoto watafurahi. Maua yalichanua vizuri tu. Vipepeo wakawa wanapita, wananusa, wanaondoka zao. Na huku ndimu zinaliwa majani, nikienda duka la pembejeo naambiwa chukua hii pulizia kila baada ya wiki mbili, na mi napuliza kweli. Siku moja bibi jirani yetu, Mzaramo wa hukuhuku, kanikuta na bomba mgongoni, nikamwambia shikamoo bibi, akaitika marahaba, akaangalia ule mndimu akaniambia, "Mjukuu wangu, unawaua watoto alafu unamsubiri mama yao aje kukusalimia?" Niliweka bomba chini. Sijapuliza tena hapo mbele mpaka leo, na naandika hii kwasababu naona watu wengi wanaanza pale pale nilipoanzia mimi.

Kitu cha kuelewa ni kwamba kipepeo ana milo miwili tofauti. Mkubwa anakunywa, ana ule mrija wake anaukunjua ananyonya utamu wa kwenye maua, na hapo sio mchaguzi sana, ua lolote lenye utamu na pa kutua linamfaa. Lakini kiwavi anakula jani, na hapo uchaguzi ni mkali kweli, kila aina ya kipepeo ina mimea yake michache, nje ya hiyo mtoto anakufa njaa huku kazungukwa na majani. Mama anaijua hiyo ndo maana utamwona anatua jani moja moja anaparaza paraza kwa miguu ya mbele, pale anaonja, maana wanaonjea miguuni, akikuta silo anaruka, akikuta ndilo anakunja tumbo anabandika yai moja anahama. Kwahiyo ukipanda maua tu umefungua mgahawa, mtu anakunywa chai anaondoka. Ukipanda na majani ya watoto umempa nyumba. Wale wafugaji wa vipepeo kule Amani, Usambara Mashariki, kazi yao kubwa ni hiyohiyo, kupanda miti ya kulisha viwavi, maua yanakuja baadae.

Na raha yake kwa huku kwetu pwani ni kwamba hiyo mimea mingi tunakula na sisi. Mboga, matunda, dawa ya chai. Huhitaji kuchagua kati ya bustani ya sufuria na bustani ya vipepeo, ni ileile, sema ukubali kugawana.

Anza na mboga kwasababu zinawahi, na hata kama umepanga chumba kimoja Tandika unaweza. Kunde ni ya kwanza. Ni mmea wa Afrika hii hii, unaotesha moja kwa moja ardhini au kwenye kiroba cha udongo, mbegu mbili mbili shimo lenye kina kama cha pingili moja ya kidole, siku tatu mpaka tano imeshatokeza, wiki ya nne unachuma majani. Wengi tunachuma majani mpaka mmea unaisha, sasa hapo acha mistari miwili usiiguse, iache itoe maua na maganda, maana kuna kipepeo mdogo wa bluu ya kufifia, ana mkia mwembamba kama uzi nyuma ya bawa na doa jeusi pembeni yake, akitua anasugua mabawa ule mkia unachezacheza kama vipapasio mpaka ndege anadhani kichwa kiko huko nyuma, anadonoa bawa, kipepeo anaondoka mzima. Huyo anataga kwenye vitumba vya kunde, na kale kafunza ka kijani unakokakuta ndani ya ganda huenda ndo mtoto wake. Ukimenya ganda ukamkuta mrudishe kwenye ganda lingine, zile kunde nne tano alizokula hazitakuua njaa.

Mgagani nao usikose. Mbegu ndogo kama za mchicha, usizifukie sana, changanya na mchanga mwaga kwenye mfereji alafu funika kidogo tu. Kama mbegu umevuna mwenyewe juzi usishangae zikigoma kuota, mbegu mbichi za mgagani zinalala kwa miezi kadhaa, ziweke kwenye karatasi pakavu upande msimu unaofuata. Mgagani kiukoo uko karibu na ile mimea ya vichakani ambayo vipepeo weupe wengi wa pwani wanataga, na maua yake yale yenye sharubu ndefu hayakosi nyuki na vipepeo. Kwenye sufuria sio kama mchicha, chemsha mwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, alafu karanga au tui zito, na siku ya pili ukipashwa unakuwa mtamu kuliko siku ya kwanza.

Sasa nikwambie ya moyoni mwangu, tikini. Watu wa Tanga mnaijua. Kwa Dar wengi wanaing'oa kila Jumamosi kwenye fensi bila kujua wanatupa mboga. Ni mmea unaotambaa, majani laini ya kijani yamekaa mawili mawili, maua meupe kama vikombe vidogo yenye mabaka ya zambarau ndani, kitaalamu Asystasia gangetica. Chukua tawi lenye vifundo vitatu, zika vifundo viwili, mwagia maji, basi umemaliza, wiki mbili imeshika. Inavumilia kivuli kwahiyo pale chini ya mwembe ambapo hakuna kinachoota panafaa kabisa. Mboga yake haina uchungu, ni laini inateleza kidogo, mi naichanganya na mchunga maana mchunga peke yake uchungu wake sio wa mchezo, nakata vitunguu, nyanya moja, tui jepesi kwanza vikichemka natia tui zito naepua. Na kwa vipepeo tikini ni kama stendi ya mabasi ya Magufuli, wote wanapita hapo. Wapo wale wa bluu na nyeusi wenye doa la bluu inayowaka kwenye bawa la nyuma, Junonia oenone, wapo ndugu zake wa njano, wote wanataga hapo. Angalizo moja, usiiache iende inakotaka, inafunika vitu vingine, ikate mara kwa mara, si unaila.

Pembeni yake acha tako la hasani, lile gugu la majani manene yenye maji linalolala chini lenye vishina vyekundu, usilipalilie lote. Linaliwa, lina uchachu kidogo, wengine wanatia kwenye kachumbari. Hilo na tikini ndo chakula cha kipepeo mmoja ambaye nikimwona huwa nasimamisha kazi. Dume lake ni jeusi tii lina duara jeupe kila bawa, na kuzunguka ule weupe kuna zambarau inayong'aa ukimwangalia kwa ubavu. Jike lake ukiambiwa ni mke wake utakataa, ni la rangi ya chungwa lenye ncha nyeusi na ukanda mweupe, limejifananisha kabisa na kipepeo mwingine ambaye ndege hawamli kwasababu ana sumu. Na huyo mwenye sumu anaipata wapi? Kwenye ile kamba ya fensini yenye jani la umbo la moyo, ukikata inatoa utomvu mweupe, matunda yake yanakaa mawili mawili yana miiba laini, yakikauka yanapasuka sufi zinapeperuka. Pergularia daemia. Hii HAILIWI, utomvu wake ni mbaya kwa macho, wafundishe watoto wasichezee. Lakini kama imeota yenyewe kwenye kona ya fensi ya nyuma iache mti mmoja, maana ni mojawapo ya mimea ambayo yule mwenye sumu analelea watoto wake.

Tukija kwenye miti. Mndimu nimeshasema. Asili yake ni Asia lakini kipepeo wake ni wa Afrika, kabla ndimu hazijaja alikuwa anakula miti ya ukoo huohuo kama mjafari, ule wenye shina lenye vinundu vya miiba ambao wazee wanachemsha dawa. Ukiwa na nafasi panda mjafari, ukikosa mndimu unatosha, hata kwenye ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa chini. Ila kwa mndimu mdogo ambao haujafika hata kiunoni, viwavi watano wanaweza kuubakiza vijiti, kwahiyo mi nikiona wamezidi nawahamishia kwenye mkubwa. Nakata kale kajani alichokalia, nakabana na pini ya nguo kwenye tawi jipya, anahama mwenyewe. Usimbandue kwa vidole, amejishikiza na nyuzi, utamchana miguu.

Mti wa pili kwangu ni mtopetope mwitu. Ni mti mdogo wa vichakani wa hapahapa, unazaa tunda dogo la njano ya kuiva lenye harufu kama nanasi, tulikuwa tunalila utotoni tukienda kuokota kuni. Vipepeo fulani weupe wenye kingo nyeusi, wanaokwenda mbio kama wamechelewa gari, wanataga kwenye majani yake machanga. Mi wa kwangu niliununua kwa muuza miche mmoja akaniapia kabisa ni wenyewe, nikapanda nikatunza miaka miwili, ulivyochangamka ndo naona jani refu linameremeta, mstafeli! Niliumia kwa kweli, maana ile nafasi nilikuwa nimeitunza kwa ajili yake. Kwahiyo we ukienda kununua angalia jani, la mtopetope mwitu ni pana la mviringo, halimeremeti, kijani chake kina ukijivu-bluu, ukilisugua linanukia. La mstafeli ni jembamba linang'aa kama limepakwa mafuta. Lakini nikupe na habari njema, wale vipepeo ni wa ukoo mzima wa matopetope, mwaka uliofuata nikakuta viwavi vyao kwenye ule mstafeli, wamevimba upande wa kichwani wamechongoka mkiani, na siku hizi siufikirii kuung'oa. Na mtopetope mwitu wenyewe nikaja kuupata kwa mbegu, bibi kanipa tunda, nimeotesha kwenye kiriba kirefu maana mzizi wake unashuka chini mapema hautaki kusumbuliwa, ukifika miezi michache upeleke shimoni moja kwa moja usianze kuuhamisha hamisha.

Kwa fensi ndo napenda kubishana na watu. Mnajenga ukuta wa tofali kuzunguka alafu mnapanda mmea mmoja wa kukata bapa hauliwi na mtu wala mdudu. Panda mchongoma. Hapa niweke sawa maana Dar jina hili lina wenyewe wengi, kuna ule wenye maganda yaliyojikunja na nyama nyeupe ndani ambao wengi ndo wanauita mchongoma, huo umetoka Marekani ya huko kusini na kati, sio huu. Huu ninaosema ni Flacourtia indica, miiba mirefu shinani, jani dogo lenye meno meno, tunda la mviringo kama gololi linaanza jekundu likiiva linakuwa zambarau ya kuelekea nyeusi, tamu lenye uchachu, unaweza kupikia jemu. Mara nyingi mti dume na jike ni tofauti kwahiyo ukipanda mmoja unaweza kukaa miaka unasubiri tunda, panda minne mitano, na kama ni fensi si utapanda zaidi ya hapo. Kipepeo wake ni wa rangi ya chungwa madoadoa meusi kama chui, hatulii, hata akitua mabawa yanachezacheza tu. Anataga kwenye machipukizi, na we ukipunguza fensi machipukizi ndo yanazidi, kwahiyo kupogoa kunawasaidia, sema usikate yote siku moja, kata upande huu mwezi huu, ule mwezi ujao.

Mkunazi kwa walio Kigamboni na kule ambako kisima kina chumvichumvi, huu unavumilia ukame na chumvi kuliko miti mingi. Umekaa pwani yetu miaka na miaka, tunda tunakula, majani yake tunayajua kwenye kuosha maiti, na kuna vipepeo vidogo vyeupe vyenye madoa meusi, ukubwa kama wa ukucha wa dole gumba hivi, hao ndo kwao. Mbwakabwaka panda kwenye kivuli cha nusu siku, nyuma ya nyumba pale upande wa jiko, unatoa jani kubwa kubwa na matunda ya mviringo ya njano-chungwa, na ndo mti wa kipepeo mmoja wa msituni mwenye rangi ya bluu iliyokolea na ukanda wa dhahabu, huyo atakuja kama uko karibu na msitu kama sisi wa Pugu au wenzetu wa kule Pande, mjini kati sikuahidi. Mkole nao, wazaramo hata siwaambii habari zake maana mambo ya mwali mnayajua nyie, mi naongeza tu kwamba vitunda vyake watoto wanavipenda na maua yake ya njano hayakauki wageni. Kama una mti mkubwa tayari, mwembe au mkorosho, panda mbungo upande juu yake, maua yake meupe yananukia usiku wanakuja nondo wakubwa, na juisi ya mabungo sina haja ya kumsifia mtu wa Dar.

Miche hii hutaikuta yote barabarani. Uliza wazee wa Kisarawe, Chanika, Mbagala ya ndani, omba mbegu za matunda unayokula. Usiingie kung'oa kwenye msitu wa hifadhi, kwanza ni kosa, pili mche wa msituni uliong'olewa mara nyingi unakufa, mzizi umekatika.

Kupanda kwenyewe. Udongo wa Dar maeneo mengi ni mchanga, maji unayomwaga asubuhi jioni hayapo. Kwa mti chimba futi mbili kwa mbili, udongo wa juu weka pembeni changanya na debe la samadi iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena, rudisha, panda, weka majani makavu juu lakini yasiguse shina. Miti panda masika yakianza, Machi kuelekea Aprili, upate mvua ya kutosha kabla ya kiangazi. Vuli ya Oktoba mpaka Desemba nzuri kwa mboga, ila mti ukiupanda vuli ujue Januari na Februari lile jua linakungoja na wewe ndo utakuwa mvua yake. Njia niliyoiona rahisi ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, izike kichwa chini karibu na mzizi, jaza mara mbili kwa wiki. Maji ya bomba yakikatika siku tatu mti hausikii.

Maua ya wakubwa weka panapopigwa na jua asubuhi na pamekingwa na upepo, ukianza kusi kipepeo anachoka kupambana nao, ukuta au fensi ya mchongoma inasaidia. Kivumbasi ndo namba moja, unaota hovyo, ua lake dogo lakini halikosi mtu kuanzia asubuhi, jioni unakata tawi unachoma kufukuza mbu au unatia kwenye chai. Mrehani hivyohivyo, acha matawi kadhaa yachanue badala ya kukata yote. Lantana msipande tafadhali, najua vipepeo wanaipenda na wauza miche wanayo, lakini ndege wanaeneza mbegu zake zinaingia msituni zinaua kila kitu chini yake.

Weka na sahani pana ya udongo wenye majivu kidogo na maji, iwe tope tope, madume yanakuja kunyonya chumvi chumvi, siku za joto utakuta wamejipanga kumi na tano. Na ndizi ikiiva mpaka ikawa nyeusi usitupe, iponde uiweke kwenye kisahani uning'inize tawini kwa kamba uliyoipaka mafuta kuzuia sisimizi, kuna vipepeo wanene wenye nguvu ambao maua hawana habari nayo, wanataka kitu kilichochachuka, huyo akikaa kwenye ndizi unaweza kumsogelea mpaka ukamgusa.

Dawa. Hapa naomba mnisikilize kweli. Huwezi kupuliza sehemu hii ukaacha ile ukadhani umewatenga, upepo unabeba. Na hata maji ya mwarobaini yanaua kiwavi, watu wanasema ni ya asili haina madhara, kwa kiwavi ina madhara, akila jani lile hakui anafia hapo. Kama una vidukari kwenye kunde vipige na maji ya bomba kwa nguvu. Kama unalima mahindi na una viwavijeshi hao ni watoto wa nondo, shughulika nao huko shambani, toa kwa mkono, tia mchanga au majivu kwenye moyo wa mhindi. Na kiwavi mwenye manyoya marefu usimshike hata kama mzuri, baadhi wanawasha vibaya. Wale wa tikini wana miiba miiba meusi inatisha ila ni ya kutishia ndege tu.

Na utaona vifo. Mjusi atakula, nyigu atabeba, kuku ukiwaachia ndo kabisa. Mara nyingine buu la kipepeo, lile ganda anamojigeuzia kiwavi, unaloliangalia kila siku linabadilika linakuwa na kitobo kidogo pembeni, anatoka funza wa nzi badala ya kipepeo, yule nzi alitaga mapema kabla kiwavi hajawa buu. Mara ya kwanza mwanangu alilia. Hao ndo wanaozuia ndimu zako zisiliwe zote, usianze kuwawinda.

Ukitaka kushuhudia mmoja anatoka, mfuate kiwavi wa ndimu akishakuwa mkubwa wa kijani kama kidole, siku ataacha kula atashuka anatangatanga, atapanda fito au ukuta, atajifunga na uzi mmoja kiunoni kama fundi wa nguzo za umeme, kesho yake amekuwa buu. Kwa joto letu hesabu kama wiki mbili. Wa kwetu mmoja alijifunga kwenye stendi ya tenki la maji, tukafunga kitambaa chekundu kuzuia mtu asiweke ndoo hapo. Buu likawa jeusi jioni, tukaona njano ya mabawa kwa ndani, nikamwambia mtoto lala nitakuamsha, kumbe yeye ndo kaniamsha saa moja asubuhi, "Mama, ametoka, ana mabawa ya mikunjo!" Usimsaidie kuyakunjua na usimguse, mwache aning'inie saa moja mbili yajae na kukauka, na kama mnafua siku hiyo fulieni upande mwingine.